Waya wa Tatu

Ukiwa Nairobi unasema stima. Ukivuka mpaka ukafika Arusha unasema umeme, na ukiteleza ukasema stima watakuelewa, lakini watajua umetoka wapi. Umeme ni neno la mbinguni, ule mwanga wa radi kabla ngurumo haijafika. Stima ni neno la bandarini. Lilitoka kwa neno la Kiingereza la mvuke, na watu wa Pwani waliita stima ile meli yenye bomba la moshi. Baadaye, huku kwetu, jina hilo likahamia kwenye nguvu inayopita ndani ya waya.

Kwa hivyo Mkenya akisema stima, anataja mashine. Inanifurahisha, kwa sababu ni kweli. Radi haina mwenyewe. Stima kila mara ina mashine mahali fulani, na mashine ina mwenyewe, na huyo mwenyewe ana jukumu. Nataka kufuata jukumu hilo kwa njia ya waya mmoja tu, ule wenye rangi ya kijani na njano ambao watu wengi hawajui kazi yake. Vitabu vya historia vinapenda mabwawa na hotuba za uzinduzi. Huu waya hauzinduliwi na mtu. Lakini siku hizi, na hizi inveta na jenereta zimejaa kila ploti, nadhani ndio unaofaa kuulizwa maswali.

Tuanze na wenyewe wa kwanza. Historia ambayo Kenya Power huisimulia inaanzia Unguja, kwa Sultani Seyyid Barghash, aliyenunua jenereta ya kuangaza jumba lake na mitaa ya karibu. Wanasema ilikuwa 1875. Mwaka huo ni wa mapema mno kwa balbu tunayoijua, maana ile ya Edison ilionyeshwa watu mwaka 1879, lakini tuwaachie tarehe yao. Mwaka 1908, wanaendelea kusema, jenereta hiyo ilinunuliwa na mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, na ndipo ikazaliwa Mombasa Electric Power and Lighting Company. Mwaka huohuo mhandisi Clement Hertzel alipewa haki ya pekee ya kuuza stima Nairobi, ikazaliwa Nairobi Power and Lighting Syndicate. Mwaka 1922 kampuni hizo mbili ziliungana zikawa East African Power and Lighting Company. Jina likabadilika tena mwaka 1983, na tena 2011, na leo ndiyo hiyo inayotutumia tokeni.

Ona vile mambo yalianza. Mtu wa kwanza kwenye hadithi hii ana jenereta yake, nyumbani kwake, kwa ajili ya taa zake. Kampuni ikaja baadaye. Na kampuni ilipokuja haikuchukua tu kazi ya kuzalisha. Ilichukua pia kazi ambayo mteja haioni: kuhakikisha stima ikitoroka njia yake, haimuui mtu.

Hapo ndipo ardhi inaingia.

Mwaka 1838, huko Ujerumani, mwanasayansi aitwaye Carl August von Steinheil alikuwa anafanya majaribio ya telegrafu. Wakati huo kila mtu alijua mkondo unahitaji waya mbili, mmoja wa kwenda na mwingine wa kurudi. Steinheil akagundua kwamba ule wa kurudi unaweza kuachwa. Ukizika bamba la chuma huku na jingine kule, udongo wenyewe unarudisha mkondo. Kwa kampuni za telegrafu hiyo ilikuwa habari tamu, nusu ya gharama ya waya imepotea. Lakini ndani yake kulikuwa na onyo: ikiwa udongo unaweza kubeba ujumbe, basi unaweza kubeba na kifo. Mtu aliyesimama juu ya udongo tayari amegusa waya mmoja, hata kama mikono yake iko mfukoni.

Stima ya nyumbani ilipoanza kusambazwa kwa transfoma, swali likawa gumu zaidi. Chukua ile transfoma ya mtaani kwenu. Inapokea volti 11,000 upande mmoja na kutoa 240 kwa nyumba upande wa pili. Sasa fikiria waya wa juu umegusana na wa chini mle ndani. Volti 11,000 zinaweza kuingia jikoni kwa mtu anayechemsha chai. Wahandisi wakapendekeza dawa ambayo ukiisikia mara ya kwanza unaona kama wazimu: chukua waya mmoja kati ya zile zinazokwenda nyumbani, uufunge makusudi kwenye ardhi palepale kwenye transfoma. Waya huo ndio leo tunaita nyutro. Ikitokea ajali, mkondo una njia pana ya kurudi, fyuzi inakatika, mambo yanaisha.

Wengine walipinga, na hoja yao haikuwa ya kijinga. Ikiwa hakuna waya uliofungwa kwenye ardhi, walisema, mtu akigusa waya mmoja akiwa amesimama chini hakuna mzunguko uliokamilika, kwa hivyo hapigwi. Kwani mbona tujitafutie shida? Ni kweli, lakini ukweli huo unaishi siku moja tu. Unaishi hadi siku waya wa pili utakapovuja mahali pengine, na hakuna aliyeona wa kwanza ulivuja lini. Mabishano yalichukua miaka. Kanuni za stima za Marekani zilifanya ufungaji huo kuwa lazima kwa nyaya za majumbani mwaka 1913. Weka hoja ya wapinzani akilini, tutakutana nayo tena, tena karibu sana na nyumbani.

Kufunga nyutro kulilinda mtaa. Kulibaki kumlinda mtu na kifaa chake. Birika ni ya chuma, pasi ni ya chuma, na waya wa ndani ukichubuka ukagusa bati lake, bati lote linakuwa waya. Dawa ni ule waya wa tatu: unatoka kwenye bati la kifaa, unapita kwenye plagi, unakwenda hadi kwenye fimbo iliyopigiliwa chini kando ya ukuta. Hauna kazi yoyote siku nzuri. Unaweza kukaa miaka ishirini bila kubeba chochote. Kazi yake ni siku moja.

Plagi yetu ya meno matatu yenyewe ina historia nzuri kuliko inavyoonekana. Mwaka 1942, vita vikiendelea, Uingereza iliunda kamati ya kufikiria waya za nyumba zitakazojengwa vita vikiisha. Kamati ilikuwa na watu ishirini, na mwanamke alikuwa mmoja tu, Caroline Haslett, mhandisi aliyeongoza chama cha wanawake na stima. Usalama wa nyumbani, hasa wa watoto, ndio ulikuwa hoja yake. Kiwango kilichotokana na kazi hiyo kilitoka 1947, na kwa sababu tulikuwa koloni, ndicho kikaja kukaa kwenye kuta zetu. Hebu chomoa chaja yako uitazame. Jino la juu ni refu kuliko mengine mawili. Linaingia kwanza ili kifaa kishike ardhi kabla hakijashika stima, na likiingia linasukuma vifuniko vidogo vinavyoziba matundu ya chini, ili mtoto asiingize msumari.

Sasa wewe mwenyewe unajua tunafanya nini. Tuna chaja ya meno mawili, tunachukua kalamu, tunaidunga kwenye tundu la juu, vifuniko vinafunguka, tunasukuma chaja. Kamati nzima imeshindwa na kalamu ya shilingi ishirini. Sicheki mtu, maana kwa chaja ya plastiki tupu isiyo na bati la kugusa, waya wa ardhi hauna mengi ya kufanya. Nasema tu kwamba tumezoea kuona tundu la tatu kama kufuli linalosumbua, na ukishaliona hivyo, hutauliza kama nyuma yake kuna waya.

Kuna kifaa kingine cha kutaja kabla hatujarudi nyumbani, na hiki kina asili ya bara letu. Katikati ya miaka ya 1950, Afrika Kusini, mhandisi Henri Rubin alitengeneza kikata-stima chepesi cha kuhisi uvujaji, akianzia kazi ya migodi ya dhahabu. Vya siku hizi tunaviita RCD, na viko kwenye boksi la stima la nyumba nyingi mpya. Akili yake ni ya karani wa benki. Kinahesabu mkondo unaotoka na mkondo unaorudi. Ukikosekana hata kidogo, kwa kawaida milliampia 30, kinajua umepitia mahali pengine, labda mwilini mwa mtu, na kinakata kabla moyo haujavurugika.

Hivyo basi, kufikia uhuru, kanuni zilikuwa zimekomaa. Waya tatu ukutani, fimbo chini, nyutro imefungwa kwenye transfoma. Hapo kampuni na serikali zikageukia kazi ya kupata stima ya kutosha. Tulikuwa tunanunua kutoka Uganda, kutoka bwawa la Owen Falls lililofunguliwa 1954, kwa laini ya Tororo hadi Juja. Kisha mabwawa yetu ya mto Tana: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, na kuendelea. Kisha mvuke wa Olkaria kuanzia 1981, na neno stima likarudi kwao. Mwaka 2015 ukaja mpango wa Last Mile, na ada ya kuunganishiwa ikashuka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Ahadi ilikuwa kwamba mashine itakuwa ya umma, na wewe raia hutahitaji kufikiria chochote isipokuwa swichi.

Ahadi ilifika kwa watu wengi, siwezi kuikana. Nimekulia kwenye koroboi kwa nyanya yangu na najua tofauti. Lakini ilikuja na mashimo. Mwaka 2000 ukame ulikausha mabwawa, na nchi ikagawiwa stima kwa zamu. Mwezi wa Juni 2016 tumbili aliangukia transfoma pale Gitaru na nchi nzima ikazima. Tumbili alipona, na Shirika la Wanyamapori likamchukua kumtunza. Usiku wa 25 Agosti 2023 tukazima tena, na safari hii hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia giza kwa sababu jenereta ya akiba haikuwaka ilipotakiwa. Waziri wa uchukuzi akaomba radhi. Novemba ikazima, Desemba ikazima.

Baada ya hapo kila mtu akaamua kuwa Sultani. Yule mwenye duka la nyama akanunua jenereta ndogo ya petroli. Saluni ikaweka inveta. Sisi tunaokula kwa laptopu, tunaoandikia watu wa mbali kwa malipo ya neno, tukajinyima ili tununue betri. Tumerudi 1908, kila mtu na mashine yake. Tatizo ni kwamba tulichukua mashine tukaacha jukumu. Kampuni ilikuwa inatufungia nyutro kwenye ardhi bila kutuambia. Ukiwasha inveta na swichi ikakutenga na laini ya mtaani, kile kifundo cha pale kwenye transfoma hakiko nawe tena. Wewe ndiye kampuni sasa. Nani amekufungia nyutro?

Niliacha chuo kabla ya kumaliza, na sikuwa nasomea uhandisi hata huko. Haya niliyajua kwa sababu ya ploti ninayoishi. Vyumba vinane kwa mstari mmoja, boksi moja la stima ukutani, na tangu mwaka ule wa kuzimika-zimika, mwenye ploti alituwekea inveta ya pamoja ya taa na soketi ndogo. Ikawa stima ikipotea, tunaendelea na kazi. Ila laptopu yangu ina mgongo wa chuma, na inveta ikiingia, mgongo huo ulikuwa unanitekenya mkono, kama mchwa wanatembea. Mama wa chumba cha tatu alikuwa na malalamiko mengine: bomba la bafuni linamtekenya hata stima ya kampuni ikiwepo, hasa akiwasha ile shawa ya stima. Kwa ploti tulikuwa tumeshazoea kuambiana, "Vaa ndala." Hiyo ndiyo ilikuwa teknolojia yetu ya usalama.

Tulichanga tukaita fundi mwenye leseni ya EPRA. Mzee wa maneno machache. Nilimfuata nyuma na daftari kama mwanafunzi, akavumilia.

Kitu cha kwanza hakufungua chochote. Aliweka mita kwenye soketi yangu na kupima mara tatu. Laivu na nyutro: 238. Laivu na ardhi: 121. Nyutro na ardhi: 115. Akaniuliza, "Kijana, hizo namba zinakwambia nini?" Nikasema sijui. Akanieleza kwamba nyumba ikiwa salama, laivu na ardhi inapaswa kukaribia ile ya kwanza, na nyutro na ardhi iwe karibu na sufuri, volti moja, mbili, tatu hivi. Ukiona nusu kwa nusu, ardhi yako inaelea. Haijafungwa na kitu.

Mafundi wengine, alisema, wangejaribu ardhi kwa kuwasha balbu kati ya laivu na waya wa ardhi. Yeye hafanyi hivyo. Kama ardhi imekatika mbele, ile balbu inapeleka stima kwenye mabati ya kila friji na kila birika kwenye mstari, na kuna mtu chumba cha saba anaosha vyombo.

Alifuata waya hadi nje. Fimbo ilikuwepo, kichwa chake kinaonekana kando ya ukuta. Waya unaotoka kwenye boksi ulishuka vizuri, ukaingia chini ya kabro, na hapo ndipo ukaishia. Waliolaza kabro walikuwa wameukata na kufukia. Kwa hivyo waya za ardhi za vyumba vinane zilikuwa zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe, na hazikushika udongo. Hii ni mbaya kuliko kutokuwa nazo. Kifaa kimoja kikivuja, kinawagawia wote. Ule mtekenyo wa bomba la mama huenda haukuwa wake.

Fundi akaunganisha waya mpya kwenye fimbo kwa kibano, akapima tena. Nyutro na ardhi: 2. Nikadhani tumemaliza.

Jioni hiyohiyo RCD ikaanza kuruka. Watu wakirudi kazini, saa moja, paap, giza. Unairudisha, dakika tano, paap. Kwenye grupu ya ploti maneno yakawa makali. Fundi ametuharibia stima. Kabla hajakuja ilikuwa sawa. Jirani mmoja akapendekeza RCD itolewe kabisa, waya zipite moja kwa moja, na wengi wakaweka alama ya kidole gumba. Mimi mwenyewe nilikuwa na kazi ya kuwasilisha usiku huo, kwa hivyo naelewa hasira.

Lakini fikiria ilichokuwa inasema. Karani yule alikuwa amekaa kwenye boksi miaka yote akihesabu, na hesabu ilikuwa inatimia kwa sababu mkondo uliovuja haukuwa na mahali pa kwenda. Tulipomrejeshea ardhi, mara ya kwanza akaona pesa inapotea, akapiga kelele. Fundi alirudi, akatuambia sote tuchomoe kila kitu, akaiwasha. Ikakaa. Tukarudisha kifaa kimoja kimoja, chumba kwa chumba, kama ukaguzi wa mipaka. Taa, sawa. Friji, sawa. Chumba cha sita, pasi: paap. Pasi ya zamani, waya wake umechubuka pale unapoingia kwenye mkono, na chuma chake kilikuwa kinavujisha kwa kila mtu kwa muda ambao hakuna ajuaye. Mwenye pasi ana mtoto wa miaka minne. Hakuna aliyeongea tena kuhusu kuitoa RCD.

Baada ya wiki moja stima ikapotea, inveta ikaingia, na laptopu yangu ikanitekenya tena.

Nikapima mwenyewe sasa, kwa mita ya fundi na yeye akiwa amesimama hapo. Nyutro na ardhi: 112. Namba ileile ya mwanzo, lakini ugonjwa tofauti. Kwanza ardhi ndiyo ilikuwa haijafika. Sasa ardhi imefika, ila inveta haiijui. Swichi ya kubadilisha ilikuwa inakata waya zote mbili za kampuni, kama inavyopaswa, na upande wa inveta hakuna aliyefunga nyutro kwenye ardhi. Kama ungepima wakati stima ya kampuni ipo, ungeona 2 ukaenda kulala.

Hapo wale wapinzani wa zamani wanarudi. Wauzaji wengine wa jenereta na inveta watakwambia hiyo ni salama, waya usiofungwa haumpigi mtu. Kwa jenereta ndogo inayowasha kifaa kimoja, wana hoja. Kwa ploti ya vyumba vinane hawana. Pasi ya chumba cha sita inavuja kwa waya mmoja: kimya, hakuna kinachoruka. Mwezi ujao friji ya chumba cha pili inavuja kwa waya ule mwingine. Ikiwa mabati hayo hayajaunganishwa vizuri, sasa kati yake kuna volti 240, na anayekamilisha mzunguko ni mtu. RCD inaweza isione chochote, kwa sababu mkondo unaopita mwilini kutoka laivu hadi nyutro unatoka na kurudi kwa hesabu kamili.

Na usitegemee kile kitufe chake cha kujaribia. Ukikibonyeza, RCD itaruka hata kama nyumba haina ardhi kabisa, kwa sababu kitufe kinatumia laivu na nyutro tu. Kinathibitisha kwamba karani hajalala. Hakithibitishi kwamba mlango upo.

Dawa ilikuwa swichi yenye mguso mmoja zaidi, unaofunga nyutro ya inveta kwenye ardhi pale tu inveta inapofanya kazi, na kuachia stima ya kampuni ikirudi. Haipaswi kufungwa muda wote, maana ukiunganisha nyutro na ardhi nyumbani wakati stima ya kampuni ipo, nyutro inaanza kupitisha mkondo kwenye waya wa ardhi, na RCD ikiwa mbele ya hicho kifundo, itachanganyikiwa. Inveta nyingine zina mguso huo ndani tayari. Yetu haikuwa nao. Mwenye ploti alilalamika kuhusu bei, akalipa.

Kuna jambo moja ambalo fundi alirudia mara nyingi kuliko yote, akiwa na uso wa mtu aliyeona. Usiwahi kuingiza jenereta ndani ya nyumba kwa waya wenye plagi pande zote mbili, ati unaichomeka kwenye soketi. Stima yako inatoka hadi mtaani, inaingia kwenye transfoma kinyumenyume, na 240 zako zinaweza kupanda kuwa 11,000 kwenye laini ambayo kijana wa kampuni ameambiwa imezimwa. Yuko juu ya nguzo. Yeye pia alidhani mashine ina mwenyewe mmoja.

Nimesoma hotuba nyingi kuhusu stima ya nchi hii nikiandika haya, na zote zinahesabu megawati na idadi ya waliounganishwa. Ni hesabu za haki. Lakini kuunganishwa ni waya mbili. Wa tatu ni wa mwenye nyumba, na kwa mpangaji wa Nairobi hiyo ina maana ni wa mtu asiyelala humo. Unapokwenda kutafuta keja unauliza maji yanatoka siku ngapi, tokeni ni ya kila mtu ama ya pamoja, inveta ipo. Uliza pia fimbo iko wapi, na nani aliweka swichi, na ana leseni ya daraja gani. Wakikucheka, waache wacheke.

Kabla hajafunga kifuniko cha boksi letu, fundi alichukua kalamu ya wino mzito akaandika upande wa ndani. Tarehe. Kisha mistari miwili: kampuni, nyutro na ardhi, 2, inveta, nyutro na ardhi, 0. Chini yake akaweka nambari ya leseni yake na sahihi. Nilimuuliza kwa nini. Akasema atakayefungua baada yake anafaa kujua alikuta nini, na akikuta namba tofauti ajue kuna kitu kimebadilika.